Rubani wa Kiti cha Nyuma

Haya yote ni kweli tupu, kweli ya kuapia Biblia kwa mkono wa kulia na udongo kwa mkono wa kushoto. Mtu wa Kitengela akikuambia yametiwa chumvi, muulize kwanza siku hiyo yeye alikuwa wapi. Atakuambia alikuwa chini, kama watu wote wenye akili. Katoo alikuwa juu.

Katoo, kwa asiyemjua, ni fundi mstaafu wa mitambo aliyemaliza ujana wake kule Magadi kwenye joto la kukaanga yai juu ya jiwe. Siku hizi anakaa Kitengela na mkewe Priscilla, ana kondoo wachache nyuma ya nyumba, na anamiliki benchi la nje ya bucha ya Wahome. Bucha ni ya Wahome, visu ni vya Wahome na mizani ni ya Wahome, lakini benchi ni la Katoo. Alilipata kwa kulikalia.

Hapo benchini alikuwa akisimulia urubani. Na kwa kweli leseni ya urubani aliwahi kuwa nayo. Kule Magadi kulikuwa na meneja mwenye ndege ndogo ya viti vinne. Katoo alianza kwa kuiosha, akaendelea kwa kuitengeneza, halafu akasoma vitabu vya yule meneja kimoja baada ya kingine huku kamusi ikiwa magotini, mpaka akafanya mtihani na kupita. Aliruka miaka kadhaa. Meneja alipohama na ndege yake, Katoo akabaki na leseni kwenye sanduku na maneno mdomoni. Leseni ilikufa. Maneno yaliendelea kunenepa. Kuna siku, kwa mujibu wake, alitua katikati ya flamingo wa ziwani na wakampisha njia wakiwa wamejipanga pande mbili kama watu wa arusi. Kuna siku petroli ilimwishia juu ya Shompole, akamimina magadi na maji ya ndimu kwenye tangi, na povu likamfikisha nyumbani. Wahome alikuwa akimwekea kipande cha ini kwa hadithi kama hiyo. Zile za kawaida zilipata supu tu.

Aliyeharibu mambo ni Ezra.

Ezra ni rika lake, mkulima wa vitunguu na mfugaji wa Kimana. Walipokuwa vijana Katoo alimpa kondoo jike, na kwa hiyo, kama ilivyo desturi ya Wamaasai, tangu siku ile hawakuitana tena majina yao. Huyu alimwita yule Paker, na yule akamwita huyu Paker, kwa ajili ya yule kondoo, hata kama wajukuu wa wajukuu wa yule kondoo walishaliwa zamani. Mtu unayemwita hivyo huwezi kumnyima kitu. Ndugu unaweza kumnyima. Paker wako huwezi.

Sasa Ezra alikuwa na presha ya macho. Aliona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba: kilicho mbele alikiona, cha pembeni hakikuwepo, na bomba lenyewe lilikuwa likizidi kuwa jembamba. Siku alipomwoza binti yake, wazee wa rika wakiwa wamekaa na nyama yao pembeni, aligeuza uso mpaka akampata Katoo ndani ya bomba lake, akasema bila haraka:

"Paker, mimi sijawahi kuona Kimana kutoka juu. Wewe uko na hiyo elimu. Nipandishe mara moja, kabla taa haijazima."

Wazee wakaacha kutafuna. Katoo alikuwa na nafasi ya kusema kwamba leseni ilikufa, kwamba mikono imesahau, kwamba yeye ni mzee. Lakini mdomo wake ulikuwa umezoea kutangulia.

"Hata wiki ijayo," alisema.

Hapo ndipo hofu ilipoingia. Iliingia tumboni, ikajikunja kama paka, ikalala. Kila alipojaribu kuisahau iligeuka upande. Njiani kurudi nyumbani alimwambia Priscilla kuwa ni mafuta ya nyama. Priscilla alitazama dirishani, akasema nyama hiyo hiyo hata yeye ameila na hatetemeki goti.

Kwanza alitegemea daktari. Huwezi kurudi kurusha ndege bila kupimwa, na Katoo alikwenda kupimwa akiwa na matumaini makubwa ya ugonjwa. Alimtajia daktari maumivu ya mgongo, kizunguzungu cha asubuhi na goti la kushoto. Daktari akamsikiliza moyo, akampima macho na masikio, akampongeza. Alisema laiti vijana wangekuwa na mapafu kama hayo. Katoo alitoka nje na ile karatasi ya afya njema akiwa amenyong'onyea kama mtu aliyepewa habari za msiba.

Halafu akategemea kitabu. Alinunua vitabu vipya vya sheria za anga, vya hali ya hewa, vya injini, akamkabidhi Priscilla amuulize maswali. Priscilla aliketi jikoni akichagua maharagwe na kusoma kwa sauti ya mwalimu wa Sunday school. Ndege mbili zikikutana uso kwa uso, kila moja inageuka upande gani? Katoo alijibu kushoto, kama barabarani. Priscilla akatazama jibu, akatupa jiwe alilolipata kwenye maharagwe, akamwambia kwamba kwa jibu hilo ameshaua familia mbili. Ni kulia. Ilikuwa kulia tangu zamani na yeye aliwahi kulijua vizuri. Kilichomtisha kilikuwa hicho, kwamba vitu alivyovijua havikuwa vimefutika kabisa. Vilikuwa vimebaki nusu, na nusu hiyo ilizungumza kwa ujasiri wote.

Aliuza kondoo dume mmoja, akaenda kiwanjani.

Kiwanja chenyewe kiko ukishapita Isinya kuelekea Kajiado, ukanda wa murram, udongo mwekundu wa changarawe, uliochongwa katikati ya nyasi. Upande mmoja kuna ua wa miiba, na ng'ambo ya ua nyaya za stima na barabara ya malori ya mawe. Mwalimu alikuwa Seleyian. Katoo alipomwona alifurahi kwa dakika moja na kuogopa zaidi baada ya hapo. Seleyian ni binti wa mzee wa rika lake. Kwa mila, binti wa rika lako ni binti yako. Anakuita Papa, anasubiri umalize kusema, na hakupingi mbele ya watu wala nyuma yao. Katika boma ni jambo zuri sana hilo. Kwenye ndege ni hatari kuliko petroli chafu.

Asubuhi hiyo walichelewa. Mara walisubiri pundamilia watoke kiwanjani, mara Katoo alizunguka ndege akiikagua mara nyingi kuliko inavyohitajika, akigonga bawa, akinusa mafuta, akitafuta ubovu wowote wa kuwarudisha nyumbani. Ndege ilikuwa nzima. Walipoingia na kujifunga mikanda jua lilikuwa limepanda, na murram ilikuwa ikicheza mbele yao kama maji.

Mikono ya Katoo ilianza kazi yenyewe. Ilisukuma kishikio cheusi cha nguvu za injini mpaka mwisho. Kabla ya hapo ilikuwa imesukuma kile chekundu, kinachoipimia injini petroli, nacho mpaka mwisho. Ndivyo ilivyofanya miaka yote Magadi, ambako ni bondeni na hewa ni nzito. Kajiado ni juu. Hewa ni nyepesi, na jua likiwaka inazidi kuwa nyepesi. Usipopunguza petroli injini inashiba na kukosa pumzi.

Seleyian aliona. Alisema, kwa upole, "Papa, labda tuangalie tena ile nyekundu."

"Nimeiangalia," alisema Katoo.

Na kwa kuwa Papa ameiangalia, Seleyian akanyamaza.

Ndege ilikimbia. Ilikimbia kama ng'ombe mzee anayefukuzwa na mtoto, kwa kelele nyingi na mwendo mdogo. Mshale wa mwendo ulipanda kwa uvivu. Ua wa miiba, ambao ulikuwa mstari mwembamba huko mbali, ukaanza kuwa na matawi, kisha ukawa na miiba, mmoja mmoja. Ng'ambo ya ua mchungaji alilala kifudifudi na kondoo wake wakatawanyika pande zote. Katoo akavuta usukani. Magurudumu yakaachana na ardhi, pua ikainuka, mbele hakukuwa na kitu isipokuwa anga, na kile king'ora kinachoonya kwamba mabawa yanakaribia kushindwa kubeba kikaanza kulia, sauti nyembamba ya mwana-mbuzi aliyekanyagwa.

"Papa, labda tushushe pua kidogo," alisema Seleyian.

Katoo alisikia neno labda. Akavuta zaidi. Ndege ikatikisika mwili mzima. Bawa la kushoto likaanza kulala.

Ndipo Seleyian akabadilisha lugha. Alisema kwa Kiingereza, kwa sauti ambayo Katoo hakuwa amewahi kuisikia kutoka kwa mtoto wa mtu yeyote, kwamba ndege sasa ni yake na aachie usukani. Aliachia. Seleyian akasukuma pua chini, chini kuelekea ile ardhi yenyewe, mpaka Katoo akaona kinyesi cha kondoo na kujua kinyesi cha kondoo ndicho kitu cha mwisho atakachokiona duniani. Mkono mwingine wa Seleyian ukavuta kile chekundu kidogo. Injini ikakohoa, ikanguruma. Wakateleza juu ya ua wa miiba kwa urefu wa mtu, mwendo ukaongezeka, na mwishowe ndege ikainuka kwa hiari yake na kuziruka nyaya za stima. Dereva mmoja wa lori alikuwa amefungua mlango tayari kuruka.

Walitua. Katoo alishuka, akaketi kwenye tairi la ndege. Seleyian alisimama mbali naye akitazama Kajiado. Mikono yake alikuwa ameificha kwapani.

"Niliona ile nyekundu kabla hatujaanza," alisema. "Niliona, na nikanyamaza kwa sababu ni wewe. Angekuwa mtu mwingine ningempiga kofi la mkononi."

Katoo alimwambia amempa ruhusa ya kofi. Seleyian akasema hawezi, mama yake atasikia. Wakakubaliana jambo lingine: ndani ya ndege ni Kiingereza kitupu. Kwa Kiingereza hakuna Papa wala binti, kuna anayeamuru na anayetii. Wakishuka, heshima inawasubiri hapo chini kwenye nyasi, waivae tena.

Basi wakaendelea. Wiki hadi wiki Katoo akajifunza upya kugeuka, kutua, kusoma upepo kwenye vumbi la malori. Kwa Kiingereza Seleyian alikuwa mkali kama pilipili, na aliposhuka aliuliza kwa upole kama Papa atakunywa chai. Lakini ile hofu haikuondoka. Kila walipofika mwanzo wa kiwanja, mkono wake wa kulia ulienda kwenye kile chekundu na kukisukuma mpaka Magadi, na kila mara Seleyian alikirudisha Kajiado. Kichwa kilijua. Mkono ulikataa kuhama. Usiku Katoo hakuota akianguka peke yake. Aliota akianguka na Ezra pembeni yake, Ezra akiuliza kama wamefika.

Kisha Ezra akapiga simu. Bomba limekuwa sindano, alisema. Daktari atamfanyia upasuaji kulinda kile kidogo kilichobaki, lakini hamwahidi kitu. Yuko tayari kesho kutwa.

Seleyian alisema wazi, tena kwa Kiswahili, kwamba Papa hawezi kumbeba mtu. Leseni haijarudi, na mkono wake bado unakaa Magadi. Yeye Seleyian atawapeleka. Katoo alivuta pumzi ndefu kuliko zote tangu siku ya arusi. Yule paka tumboni akanyoosha miguu. Halafu akakumbuka kuwa ameahidi mbele ya rika lote kumpandisha yeye mwenyewe, na paka akajikunja tena.

Ukweli ungemtosha. Angesema, Paker, msichana huyu atatupeleka, mimi nitakaa nyuma. Lakini Katoo alikuwa amekaa kwenye benchi lile miaka mingi mno. Alimweleza Seleyian mpango wake. Ezra haoni pembeni. Ezra akae mbele kulia, penye kuona vizuri. Seleyian akae kushoto, kwa rubani. Katoo ajipenyeze nyuma. Wote watavaa vile visikizi vya masikioni, na ndani ya visikizi sauti haina mbele wala nyuma. Katoo ataongea, Ezra atasikia, na ahadi itakuwa imetimia.

"Sitasema uwongo, Papa," alisema Seleyian. "Akiniuliza, nitajibu."

"Hatakuuliza."

"Na nikiongea na redio?"

"Nitamwambia ni msichana wa mnara wa kuongozea ndege."

Seleyian alimtazama muda mrefu kwa heshima yote.

Siku yenyewe Allan, mtoto wa Ezra, alimleta baba yake asubuhi na mapema, baridi ikiwa bado kwenye nyasi. Ezra alikuwa amevaa shuka mpya na kofia, amenyoa ndevu kama anayekwenda kubatizwa. Katoo alimshika mkono, akampandisha, akamfunga mkanda, akamvisha visikizi. Alimwambia anakwenda kuangalia mkia. Alizunguka nyuma, akaingia kwa mlango wa kushoto, akajikunja kwenye kiti cha nyuma kama mzigo wa vitunguu. Seleyian akapanda mbele bila neno.

Katoo alikuwa amefikiri kwamba hofu ya kurusha ndege ndiyo hofu kubwa. Hakuwa amewahi kuonja hofu ya kutoirusha. Hakuwa na usukani. Hakuwa na pedali. Alikuwa na migongo miwili mbele yake na mdomo. Injini ilipoanza kunguruma miguu yake ilisukuma sakafu, mkono wake wa kulia ukanyooka wenyewe kutafuta kile chekundu, ukashika begi.

"Tunaondoka, Paker," alisema, na sauti ikatoka nyembamba.

Ua wa miiba ukaja. Alifumba macho. Alipofumbua ulikuwa umepita, uko chini, mdogo, na nyaya za stima zilikuwa nyuzi za cherehani. Sauti ya Seleyian ikaingia masikioni ikiwaambia marubani wengine angani wao wako wapi na wanakwenda wapi.

"Nani huyo?" aliuliza Ezra.

"Wa mnara."

"Anaongea kama yuko karibu."

"Mitambo ya siku hizi," alisema Katoo.

Wakapita juu ya Kajiado, mabati yakimeta, reli ikiwa kama mshono kwenye nguo kuukuu. Katoo akaeleza kila kitu. Sasa nageuza kidogo. Sasa napunguza. Kila aliposema nageuza alimgusa Seleyian bega, na Seleyian aligeuza alipotaka yeye, kwa hiyo ilibidi Katoo awe anageuza maneno yake haraka kuyafuata mabawa. Kisha mlima ukajitokeza, Kilimanjaro yote, nyeupe juu na buluu chini, na Ezra akaacha kuuliza maswali.

Karibu na Kimana upepo wa mlimani ukawapata. Ndege ilidondoka kama ndoo iliyokatika kamba, ikadakwa, ikadondoka tena. Kofia ya Ezra ikapiga paa. Katoo alishika kiti cha mbele kwa mikono miwili na hakusema kitu. Alijaribu. Hakukuwa na neno hata moja mdomoni. Alimtazama mtu aliyemwita Paker kwa miaka hiyo yote, shingo yake nyembamba juu ya shuka mpya, akafikiri, nimemleta huku ili nisiaibike.

"Paker," alisema Ezra. "Umenyamaza. Sijawahi kukusikia ukinyamaza."

"Naogopa," alisema Katoo.

Ilikuwa mara ya kwanza asubuhi hiyo kusema neno la kweli, na lilitoka kabla hajalikagua.

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu arusi ya binti yako."

Ezra alishika kofia yake ndege ikitikisika. "Hata mimi," alisema. "Lakini naona. Teremka kidogo."

Katoo akamgusa Seleyian bega. Seleyian akatikisa kichwa, akautazama upepo, akazunguka mpaka akapata upande uliotulia, akateremka. Kimana ikafunguka chini yao: kijani cha mashamba, mifereji ya vitunguu imenyooka, kinamasi, tembo wanne wakiwa wamesimama majini kama mawe. Ezra aliinamisha kichwa, akaigeuza sindano yake ya kuonea juu ya nchi polepole kama mtu anayetafuta kitu kilichodondoka. Akanyoosha kidole.

"Ule mviringo," alisema. "Ule wa majani mabichi."

Katoo aliuona. Katikati ya nyasi kavu kulikuwa na duara la kijani, kamili, kama limechorwa.

"Ni boma ya baba," alisema Ezra. "Ilichomwa nikiwa mdogo, tukahama. Mbolea ya ng'ombe wetu bado iko ndani ya udongo. Nimepita hapo kwa miguu maisha yangu yote na sikujua kama iko. Nimezaliwa hapo ndani."

Seleyian akazunguka duara lile mara moja, akazunguka tena bila kuguswa bega. Kisha akageuza pua kurudi Kajiado.

Walitua laini, kama kuku anavyoketi juu ya mayai. Injini ikazimwa. Katoo alikuwa ameshafungua mkanda na anapanga jinsi ya kutokea mlango wa kushoto na kujitokeza mbele kana kwamba ametoka kwenye kiti cha rubani. Hakuwahi. Ezra alivua visikizi, akatema mate kidogo kiganjani mwake, mate ya baraka, akaunyoosha mkono upande wa kushoto kumshika rafiki yake.

Sasa Seleyian ni binti aliyelelewa. Mkono wa mzee ukinyooka kuelekea kwake, kichwa chake huinama chenyewe, kama alivyofundishwa kabla hajaota meno. Kikainama. Kiganja cha Ezra kikatua juu ya nywele zilizosukwa.

Kichwa cha Katoo hakijaona unywele tangu alipostaafu.

Ezra hakuondoa mkono. Aliufuata msuko mmoja toka utosini mpaka sikioni, akakuta kipuli, akakigusa kwa kidole.

"Paker," alisema, "umependeza."

Katoo akazidi kujikunja kwenye kiti cha nyuma.

Ezra akamuuliza msichana ni binti wa nani. Seleyian akataja jina la baba yake. Ezra akasema anamjua, walitahiriwa pamoja. Akambariki, Enkai, yaani Mungu, amzidishie macho. Kisha akatafuta mlango, Allan akamshika mkono, na akaenda kwenye gari bila kugeuka. Katoo alibaki ndani ya ndege. Ile hofu ya angani ilikuwa mchezo wa watoto. Mtu anaweza kuanguka mara moja akafa, lakini kukosa mtu wa kukuita Paker ni kitu cha kila siku asubuhi.

Alipofika bucha ya Wahome walikuwa wamemtangulia. Ezra alikuwa ameketi kwenye benchi, mahali pa Katoo hasa, na wazee wawili wa rika pembeni yake. Wahome alikuwa ameacha kukata. Katoo alisimama kwenye jua mikono ikiwa nyuma.

"Nilikuomba unionyeshe Kimana," alisema Ezra. "Nimeiona. Kwa hilo sina kesi na wewe. Lakini umekaa nyuma ya mgongo wangu ukinipigia hadithi kama mimi ni mtoto. Ungeniambia unaogopa ningekuja na msichana, na wewe ungeketi nyuma tushikane mkono. Utatoa kondoo dume, wa mkia mnono. Na utasimulia hapa, mbele ya watu, ilivyokuwa. Yote."

Wazee wakaitikia. Hata mimi ninayesimulia haya, niliyekuwa nimekuja kununua nyama na kufungua mdomo kumtetea, nilitozwa makaa ya kuchomea.

Katoo aliketi juu ya kreti ya soda. Alijua amepona. Mtu asiyekutaka hakutozi, anakuacha. Akafuta macho akisingizia moshi wa makaa ambayo yalikuwa hayajawashwa. Kisha akaanza kusimulia. Alianza vizuri. Alisema leseni ilikufa, akasema habari za daktari, akasema kile chekundu na ua wa miiba, na watu wakasogea. Bucha ikajaa. Akafika kwenye upepo wa Kimana, akaona nyuso zote zikimwelekea, Wahome akiwa na kisu hewani, na mdomo ukatangulia.

"Hapo msichana akazimia," alisema Katoo. "Kichwa chini. Mimi nikajinyoosha kutoka kule nyuma, nikashika usukani kwa mguu wa kushoto..."

Ezra aliinua kidole.

"Wa pili," alisema. "Huyo atapelekewa Seleyian."

Katoo alikwenda nyumbani kuwaleta. Alipofika langoni alimkuta Priscilla amesimama na kamba mbili mkononi, kondoo wote wawili wameshafungwa, wanono kuliko ambao angewachagua yeye. Wahome alikuwa amempigia simu kwa ajili ya yule wa kwanza. Wa pili Priscilla alikuwa amemfunga mwenyewe bila kuambiwa na mtu.